Chungu Kilichokunywa Uji Kwanza

Tabia, ninayeishi naye chumba kimoja hapa ugenini, mtaa wa Berea, ni mtu wa Tanga mwenye mikono isiyotulia. Mwaka 2018 alipata kazi kule mtaa wa Observatory kwa Bi Kazue, mfinyanzi wa Kijapani. Mama huyo hatengenezi mapambo ya kabatini. Anafinyanga bakuli, birika na vyungu vya kutumia kila siku, na chini ya vyombo hivyo haandiki hata jina lake. Kazi ya Tabia ilikuwa kukanda udongo na kufagia, lakini roho yake ilikuwa kwenye gurudumu la kufinyangia. Mimi nilimcheka. Mfinyanzi hulia gaeni, nasi nyumbani tulikuwa na sahani za plastiki tu.

Asubuhi moja Bi Kazue alimwachia chungu kipya, akamwambia akifute vumbi kwa sababu mteja anakuja kukichukua. Kisha akatoka. Tabia akakifuta, akakigonga kwa kucha, moyo ukakataa. Kwao chungu kipya hakianzi kazi kabla ya kupikiwa uji, ule utelezi uzibe vitundu vya udongo. Badala ya kungoja aulize, si akawasha jiko akatia mchele na maji! Huyo ndiye Tabia.

Uji ulikuwa unatokota mlango ulipofunguliwa. Bi Kazue huyo, na mteja nyuma yake.

"Eish, shoga yangu, nilijua kazi imeshakwenda," Tabia aliniambia baadaye. "Nimesimama na mwiko mkononi."

Bi Kazue alifunua chungu, akanusa. "Nani amekufundisha?"

"Bibi yangu. Kisipokunywa uji kwanza, kitavuja."

Yule mama alicheka mpaka akashika meza. Kumbe Japani nako chungu kipya hupikiwa uji wa mchele, naye alikuwa amepanga kumweleza mteja akafanye hivyo nyumbani. Akaleta bakuli tatu. Mteja akala, akaomba aongezwe.

Walipomaliza, Tabia akashika ufagio. Bi Kazue akampokonya, akamkalisha kwenye gurudumu, akamwekea bonge la udongo.

Jioni hiyo alirudi na matope mpaka kwenye kope, analia na kucheka kwa pamoja. Nami nikalia, sioni haya kusema. Chungu chake cha kwanza kilitoka kimepinda, mteja asingekitazama mara mbili. Tunakipikia maharage, na mpangaji yeyote anayekuja kukiazima hugombana na mimi kwanza.