Ukuta Uliotoka Jasho

Hakuna kitu cha chini ya ardhi kinachoweza kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la nne, nikashika sururu kule Mongbwalu kabla sijaota ndevu, na leo nyumba yangu hapa Bunia iko na ghorofa. Nimetoa dhahabu mahali ambapo mainjinia wawili walisema hamna kitu. Udongo uliwahi kuniporomokea, nikakaa chini yake siku nzima, nikatolewa nikiomba chai. Kwa hiyo binti yangu, anayesoma jiolojia chuo kikuu, aliponiambia kwamba kusini kabisa mwa dunia kuna maziwa yaliyofichwa chini ya barafu, niliendelea kula sombe yangu ya majani ya muhogo.

"Barafu ya unene gani?" nikauliza, kwa heshima tu.

"Papa, pengine inapita kilomita tatu."

"Na maji haigandi?"

"Haigandi. Joto ya dunia inatoka chini, na ile barafu yenyewe inafunika kama blanketi."

Nikataka kujua nani aliyeyaona. Akasema mwanzoni hakuna aliyeyaona. Walirusha mawimbi ya redio kutoka kwenye ndege, yakarudi yamegonga kitu laini kama kioo. Baadaye satelaiti zikaona mgongo wa barafu unashuka hapa na kupanda kule: ziwa moja linamwagika, lingine la mbali linajaa, na juu hakuna anayesikia kitu.

Hapo nikaacha kula.

Nilikuwa na shimo kule Kilo, watu sita ndani, wanafuata mshipa wa dhahabu kwenda ubavuni mwa kilima. Tangu wiki moja ukuta wa mbele ulikuwa unatoka jasho. Kwetu jasho la jiwe ni habari njema: dhahabu iko karibu. Hulipangusi, na neno maji halitamkwi mle ndani mpaka mshipa upatikane. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hivyo, kama nilivyofundishwa. Na kilima kile Wazungu wa zamani walikitoboa njia nyingi, wakaondoka, na ramani hatukuachiwa.

Nikamweleza mtoto. Akaweka kijiko chini.

"Papa, karibu na pale hakuna shimo lingine lenye maji?"

Lipo, la zamani, hatua themanini kutoka kwetu. Limeachwa.

"Pampu yenu ikifanya kazi, maji ya lile shimo inashuka?"

Miaka ishirini na sita katika kazi hii. Sikuwahi kwenda kutazama. Na kama yanashuka, nyuma ya ukuta wetu kuna maji yanayosubiri sururu moja tu.

Nikampigia simu kapita wangu, msimamizi wa timu, awatoe watu. Akacheka. "PDG, jiwe inatoka jasho, siye tutoke? Ao umepata timu ingine?" PDG ndivyo wanavyotuita wenye mashimo. Nikajua hawatatoka. Mchimbaji aliyeona jasho humwondoi kwa maneno. Atadhani unataka kumlia mshipa wake. Kesho yake alfajiri nikampandisha binti yangu kwenye pikipiki, tukaenda.

Sasa, pale shimoni kuna kamba inayozunguka eneo lote, hata lile shimo la zamani, na mwanamke haivuki. Kamba hiyo niliifunga kwa mikono yangu. Mwaka uliotangulia mke wa mchimbaji mmoja aliivuka na sufuria ya maharagwe kwa sababu ya mvua, nikamtoza mume wake faini kamili: mbuzi, makasha mawili ya bia, chakula cha wote. Aliuza simu yake. Sikumsamehe hata chupa moja.

Binti yangu akasimama mbele ya kamba. Ananijua. "Papa, nitabaki hapa. Nitakueleza, weye utaenda kupima."

Niliwatazama wale sita, tayari wanashika sururu. Nikipima mimi, watasema nimesogeza alama. Nikainua kamba.

"Pita, mama."

"PDG amevunja kamba yake mwenyewe," kapita akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Nitalipa. Lakini leo mutakaa huku juu, muangalie."

Binti yangu akapigilia msumari kwenye gogo la lile shimo la zamani, sawasawa na uso wa maji. Tukawasha pampu ya kwetu. Kijana mmoja akamwuliza, "Mademoiselle, unavua samaki?"

"Navua weye," akajibu, na wakacheka mpaka wakakaa.

Saa sita mchana msumari ulikuwa unaning'inia juu ya maji, kiganja kimoja na nusu. Hakuna aliyechota pale. Kapita akashuka, akapima kwa vidole vyake, akapima tena, akarudi na kukaa chini.

"Kumbe iko moja," akasema. "Ile ya pale na ya nyuma ya ukuta, iko moja."

Binti yangu akaomba chuma kirefu cha kutobolea ukuta, ili maji yatoke polepole, kisha akaomba kioshwe kwa maji ya moto. Alisema watu wa barafu hufanya hivyo: huingizi uchafu wa huku juu katika ziwa lililofungwa, maana ndani kuna vijidudu vilivyoishi bila jua. Safari hii hawakucheka. Kapita mwenyewe aliwasha moto.

Tuliingia mimi na yeye tu, kamba kiunoni. Tukatoboa tundu jembamba, chini. Chuma kilipofika mkono mmoja na nusu, kikarudishwa nyuma. Maji yakaruka, unene wa kidole gumba, baridi, yananuka chuma cha zamani. Tukatoka kinyumenyume. Yalitiririka siku tisa, na shimo lile hatukulirudia.

Chupa ya maji yale binti yangu aliipeleka chuoni. Huwa nayafikiria. Yalikuwa kizani tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Wale wa barafu wako kilomita tatu juu ya maji, na wanayaulizia. Mimi nilikuwa mkono mmoja na nusu, na nilikataza yatajwe.

Jumamosi kapita alikuja Bunia na karatasi ya hesabu ya faini yangu. Nikasema labda, kwa kuwa wote sita wako hai, faini inaweza kupungua.

"PDG," akasema, "yule wa maharagwe ulimupunguzia?"

Tukala wote pamoja, na ini la mbuzi wakampa binti yangu. Nililipa dola mia moja arobaini na saba, na franka elfu mbili za chumvi.