Isale Mkononi mwa Mwenyekiti

Wifi yangu alikaribia kufukuzwa jumuiya yetu ya kanisa kwa sababu ya mate. Ndiyo, mate. Yeye ni dada wa marehemu mume wangu, tunaishi kihamba kimoja, shamba la ukoo, hapa Marangu. Mtoto akilia bila sababu, anatafuna majani, anamtemea kifuani, anasema maneno ya wazee, mtoto analala. Inavyofanya kazi sijui, mimi shule niliishia darasa la pili. Wanangu wote walitemewa. Mmoja dawa haikumwingia, mpaka leo mkorofi, lakini huyo alimfuata baba yake. Hata mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Moshi mjini alimleta mjukuu wake. Gari lake likanivunjia migomba miwili, tena ya mshare, zile ndizi za mtori.

Basi, tukapata mwenyekiti mpya wa jumuiya, kijana wa hapa hapa aliyekaa Dar miaka mingi. Akasema ule ni uchawi. Yeye na wanajumuiya wakaja kwa nyimbo, wakachoma vibuyu vya wifi pale uani. Kimoja kilikuwa cha pombe ya mbege tu, jamani! Tangu hapo, wanawake tuliochota nao maji tangu usichana wakawa hawaitikii salamu yake. Kisha tukaambiwa: akiri mbele ya watu kwamba ni mchawi, la sivyo jina lake lifutwe.

Kwetu sisi, asiye na jumuiya padri hamziki. Na wifi kifua kinamsumbua, anajijua. Alitaka siku yake ikifika alazwe kando ya kaka yake, kwa sala. Hilo tu.

Jumamosi jumuiya ilisali kwangu. Tumemaliza fungu la kwanza la rozari, wifi akaingia na isale mkononi. Kwa asiye wa huku, isale ni lile jani refu tunalopanda mipakani. Ukimkosea mtu unampelekea, naye akiletewa lazima asamehe. Kukataa isale hata mlevi hathubutu.

"Shangazi, umekuja kukiri?" mwenyekiti akauliza.

"Nikiri nini, mwanangu? Mchawi siyo mimi. Ila kama nimekukwaza, nisamehe."

Akamnyooshea jani kwa mikono miwili. Na yule kijana akapokea! Mkono ulitoka wenyewe, kama mama yake alivyomlea. Ameshalishika ndipo akakumbuka kwamba na hilo alilihubiri kuwa ni uchawi. Akalitazama kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Jirani yangu, bibi asiye na meno wala breki, akapasuka kicheko. "Haya, mwenyekiti, lichome na hilo!"

"Bibi, tuko kwenye sala."

"Sala gani na isale unalo? Si umepokea? Nani alikushika mkono?"

Watu wakacheka mpaka benchi likalia. Mimi sikucheka, nilikuwa namwangalia wifi.

Mwenyekiti akasema, taratibu, "Kaa, shangazi."

"Na jina lake?" katibu akauliza, kalamu tayari.

"Liache. Tuendelee, fungu la pili."

Wifi akaketi mkekani karibu nami. Mwenyekiti akahesabu punje za rozari kwa mkono mmoja, maana lile jani hakujua aliweke wapi, na wifi akaitikia Salamu Maria kwa sauti kubwa kuliko sisi wote, kifua kibovu hivyo hivyo.