Upole wa Fundi Mkataji

Mdogo wangu hakuzaliwa mpole. Nalisema hili mapema kwa sababu wenzake wanaobeti naye wamempa jina la Barafu, na mimi nikilisikia nacheka peke yangu. Huyu ninayemjua, niliyembeba mgongoni, anagombana na uzi. Mkasi anaugombeza. Chaki ikimvunjikia mkononi anaitukana mpaka unaihurumia.

Tunafanya kazi chumba kimoja, watu watatu. Yeye anakata, mke wake, yaani wifi yangu, anashona, na mimi napiga pasi na kutia vifungo. Chumba chenyewe ni chembamba. Meza ya kukatia imejaa katikati, cherehani ya wifi imetazamana nayo, na mimi nasimama nyuma ya mdogo wangu, mgongo ukutani. Mmoja akitaka kutoka, lazima mwingine ainuke ampishe.

Kilichomponza ni mpira wa kikapu. Kuna mechi timu mbili zinakimbizana mwanzo mpaka mwisho, zimeachana pointi moja, mbili, na hakuna anayejua kitu mpaka dakika ya mwisho kabisa. Hapo ndipo alipokuwa akipagawa. Ameshaibetia timu hii, ikizidiwa kidogo tu anakimbilia kubetia ile nyingine, ya kwanza ikirudi juu anaongeza tena, na mechi ikiisha amepoteza huku na huku. Siku moja ilikwenda hivyo pesa ya vitambaa vya mteja. Wifi hakupiga kelele. Alimwambia mbele yangu, "Baba watoto, ukirudia, mimi na wewe kazi basi. Nyumbani tutalala, watoto tutalea, lakini jasho langu sitaliweka tena karibu na mkono wako."

Aliapa kwamba ameacha. Aliapa huku analia, na mimi mjinga nikalia naye. Tulijua sote kwamba bila mshono wa wifi hakuna mteja atakayegonga mlango wetu, maana koti lililokatwa vizuri na kushonwa ovyo ni matambara.

Kumbe hakuacha. Alichofanya ni kutafuta dawa ya kiherehere, na akaipata kwenye kazi yenyewe. Sisi mafundi tuna sheria: mkasi ukishaingia kwenye vitambaa vilivyopangwa, haukatizwi njiani. Ukisita, ukingo unaingia meno na koti linavuta upande. Basi yeye alikuwa anabeti mapema, anaficha simu chini ya pindo la kitambaa, na mechi ikifika pale pa roho mkononi anaanza kukata mkato mrefu. Mkono umeshikwa na mkasi, hauwezi tena kugusa simu. Wenzake wakawa wanamsifu kwa moyo wa chuma, wanamwomba awafundishe.

Mimi niligundua siku tuliyokuwa na makoti ya wahudumu wa hoteli. Alasiri, joto, pasi inanichemsha. Nikaona mwanga unatoka chini ya kitambaa cheusi. Nikainamia bega lake, nikaona tarakimu za timu mbili zinapishana na saa ndogo inayorudi nyuma. Mkasi ulikuwa umeshaingia.

Wifi alikuwa mbele yetu hapo hapo, akiinua macho tu anakutana na uso wa mumewe. Nikakohoa kumshtua. Nikakohoa tena.

"Dada, kunywa maji," akaniambia, kwa sauti tamu mpaka nikaogopa.

Cherehani ikanyamaza. Wifi aliisikia ile sauti kama nilivyoisikia mimi.

"Hii bitana umenipunja," akasema.

Siku nyingine yoyote angejibiwa kwamba kilichopungua ni macho yake. "Pole, mke wangu," mdogo wangu akasema. "Nitakukatia nyingine."

Wifi akamtazama kidogo. Kisha akainama, akachukua mkono wa kushoto wa koti, akaupachika kwenye kwapa la kulia, akaupitisha kwenye cherehani moja kwa moja bila kupepesa. Nilimwona kwa macho yangu. Akaliinua koti juu. Kiwiko kilikuwa kimegeuka nyuma, kama cha mtu aliyeanguka kutoka mtini.

"Hapa pako sawa?"

Mdogo wangu aliinua macho. Alilitazama lile koti vizuri kabisa, mkasi ukiendelea kwenda wenyewe.

"Pako vizuri sana. Asante, mke wangu."

Chini ya kitambaa, timu yake ilikuwa mbele kwa pointi moja, na wapinzani wamepewa mitupo miwili ya adhabu. Sikujua niombe nini. Akishinda atabeti kesho, akishindwa atabeti leo leo. Nilibaki nimeshikilia pasi hewani, nikimchukia yeye na kikapu chake. Mtupo wa kwanza ukakosa. Wa pili ukakosa. Saa ikaisha.

Alikuwa ameshinda, na hata pumzi hakuishusha. Alikata mpaka mwisho wa mstari wa chaki, akaulaza mkasi, akajifuta jasho lililomjaa shingoni. Huo ndio utulivu anaosifiwa. Mimi niliyesimama nyuma yake nasema ulikuwa woga mtupu.

"Mechi imeisha?" wifi akauliza.

"Mechi gani tena?" akajitia hamnazo.

Wifi akamtupia lile koti mezani. "Angalia mkono. Nikikosea tundu la kifungo unanuna mpaka chakula hakiliki. Leo nimekuharibia koti zima, unanishukuru." Akainuka. "Tangu tuoane naomba uwe mpole, Baba watoto. Sasa nikikuona mpole najua nimeibiwa."

"Wifi, jamani," nikaanza.

"Wifi, naomba hili usiliingilie."

Akachukua bisibisi, akaanza kufungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake. Skrubu moja ilikuwa ngumu, akaikazania akiuma meno. Mdogo wangu alisimama pale mikono imening'inia. Nikamsogelea sikioni, nikamwambia, "Gombana basi! Kataa! Mwambie umeshinda, mwambie umemkosea, piga kelele kama unavyopiga kila siku!"

Akafungua mdomo. Nilimwona anaitafuta ile hasira yake aliyozaliwa nayo, anaitafuta kweli kweli, na haipati. Alikuwa ameikalia muda mrefu mno. Wifi akakikumbatia kile kichwa cha chuma, akayumba.

"Hiyo nzito," mdogo wangu akasema. "Ngoja nishike huku."

Nikalazimika kusogea ukutani niwapishe. Wakapita mbele yangu wamekibeba wote wawili, yeye akirudi kinyumenyume, wamesaidiana kwa adabu kama watu wasiojuana. Mlangoni wifi akasimama. Machozi yalikuwa yamemjaa.

"Huna la kuniambia?"

Nilisali aseme chochote, hata tusi.

"Angalia kizingiti," akamwambia, taratibu kabisa.

Wifi akatazama chini, akavuka.