Mlango wa Choo cha Skuli

Nilikesha nikijiuliza: nikisimama kwenye mkutano wa mtaa kuwaombea watoto uwanja wa kuchezea, watanicheka? Na wasiponicheka, nitasema nini tena? Asubuhi nikakunjua kanga mpya, haijafuliwa, na harufu yake ikanirudisha utotoni, mtaani Kuze, mapajani mwa bibi aliyejifunga kanga mpya, siku alipotutembelea mheshimiwa aliyetetea wanawake na watoto bungeni.

"Nawe mwanangu, wataka nini?" mgeni huyo aliniuliza.

"Mlango wa choo cha skuli."

Wanawake wakaangua kicheko. Bibi akanifinya. "We mwana! Mgeni huambiwa mambo ya choo?"

Mgeni alicheka kuliko wote, kisha akavaa viatu. "Haya, nipeleke nikakione."

Basi asubuhi hiyo nikajitanda kanga yangu mpya, nikaenda mkutanoni, nikawa wa kwanza kunyoosha mkono.