Kapsuli za Mdogo Wangu

Mimi na mdogo wangu tulirithi tumbo moja kutoka kwa mama. Tukigusa maharage linajaa gesi, linasokota, na kabla ya saa nne usiku mtu ameshakimbilia choo mara tatu. Miaka tisa tulishona pamoja chumbani kwangu, nikimfundisha kazi kwa ukali kama nilivyofundishwa. Kila jioni nililegeza kifungo cha sketi, nikamwona naye analegeza chake. Nasema kweli, ilinifariji.

Kisha akapata kazi kwenye karakana ya sare, ingawa kulala tuliendelea kulala nyumba moja. Mwezi huohuo duka la dawa likamuuzia kapsuli za vimeng'enya, zile za kusaidia tumbo kusaga chakula. Moja kila anapoanza kula. Basi! Mtu akala maharage, akashushia maziwa, akacheka. Akaniletea na gauni lake nilipunguze kiuno.

Nilimpima asubuhi, nikampima tena jioni, eti nguo isije ikambana. Futi ya kupimia ikaonyesha kipimo kilekile. Kiuno changu jioni hiyo kilikuwa kimeongezeka inchi tatu. Roho iliniuma, sitaki kudanganya.

"Dada, na wewe nunua," akaniambia.

"Mimi simezi matangazo."

Uongo mtupu. Nilizitaka zake, na zaidi nilitaka yeye azikose.

Kesho yake alipoenda kazini niliteremsha chupa kutoka juu ya kabati. Vidole vilivyozoea sindano havishindwi na kapsuli. Nikazifungua zote, dawa nikaimwaga kwenye karatasi, nikazijaza unga wa mahindi na kuzifunga. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake. Ile dawa nikawa naila mwenyewe, kidogo kila mlo.

Wiki ya kwanza nilitega sikio kwenye mlango wa choo. Kimya. Wiki ya pili akamaliza sahani nzima ya kabichi. Mimi niliyekuwa na dawa halisi, tumbo lilinguruma mpaka mteja akaniuliza kama cherehani imeharibika.

Jumapili akaja kukaa karibu nami, akanisogezea chupa.

"Zimebaki nne, dada. Meza wewe. Naona unavyoumia jioni."

"Na wewe je?"

"Nitanunua nyingine. Ila usiudhike, sina hakika hata kama ni kapsuli. Kule kazini nikikosea mshono wananiambia fumua, basi. Hapa nilikuwa nikisikia tu umevuta pumzi unataka kunifokea, tumbo linaanza kusokota."

Nilishindwa kumtazama.

"Ni kapsuli," nikasema haraka. "Ni kapsuli tu, mdogo wangu. Hakuna kingine."

Akaniamini. Akanimiminia maji, akasubiri nimeze.