Nilimnyima Binamu Yangu Siri ya Krimu ya Jibini

Nimekosa, na kosa lenyewe ni la jikoni, kwa hiyo najua wapo watakaocheka kabla sijafika mbali. Chekeni tu. Hata mimi ningemcheka mtu aliyepoteza ndugu kwa sababu ya keki. Nilikuwa hodari sana wa kucheka watu, na huo uhodari ndio ulionifikisha hapa.

Jina langu halitawasaidia kitu. Mimi ni mke wa karani mmoja hapa Nachingwea, katika nyumba hizi zilizojengwa upesi upesi wakati wa mashamba makubwa ya karanga. Nilisoma kwa masista mpaka nikaionja sekondari, na wasichana wa huku tulioionja si wengi. Kisha nikaolewa, nikaingia ndani, nikapapenda. Kuna wanaopenda ngoma na kuna wanaopenda safari. Mimi napenda kiti changu, jiko langu, na dirisha la kuwasengenyea wapita njia.

Na keki. Hapo ndipo kiburi changu kilipojenga nyumba.

Wake wengine wa makarani hukoroga sukari na maji, wakaimwagia keki, ikakauka kama chokaa ukutani, wakaiita krimu. Ukiiuma, jino linauliza limekosa nini! Nilikuwa nikialikwa kwao nakula kipande kwa heshima, halafu narudi nyumbani kumsimulia mume wangu mpaka anapaliwa na chai. Mimi krimu yangu ilikuwa ya jibini: nyeupe, laini, yenye uchachu kidogo, na ukiipaka inasimama palepale ulipoiweka. Katika joto hili la kwetu, ambalo hata mshumaa wa kanisani huinama kabla ya kuwashwa, krimu yangu ilisimama. Nilijiona malkia. Malkia wa nini? Wa sufuria mbili na mwiko.

Sasa nieleze juu ya Somoe, maana yeye ndiye niliyemkosea.

Somoe ni binti wa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu. Anaishi Likunja, upande wa Ruangwa, analima ufuta na muhogo. Kwao Waislamu, kwetu Wakristo, na hilo halijawahi kumzuia mtu kumaliza chakula cha mwenzake. Sisi watoto wa shangazi na mjomba ni watani. Anaweza kuingia kwangu akafunua chungu, akala nyama yote, akasema chumvi imezidi, nami sina ruhusa ya kukasirika. Nami nikienda kwake nabeba kuku nimtakaye, yeye anabaki kunitukana kutoka mlangoni. Tangu utoto tumeishi hivyo. Mtu mwingine aliyenichekesha mpaka nikakaa chini sijampata.

Ila utani wetu una mlango wake. Mmoja akisema, "Naweka utani chini," basi mzaha umekwisha. Linalofuata ni swali la kweli, na jibu lake lazima liwe la kweli. Msemo huo hautolewi hovyo. Hutolewa kwenye ugonjwa, kwenye msiba, kwenye harusi.

Mwaka huo binti yake alichumbiwa na dereva wa trekta wa hapa Nachingwea. Mama wa kijana alikuwa mwanamke wa mjini wa kujitengeneza. Alihamia juzi tu na tayari alikuwa akitembea na mwavuli pasipo mvua, akiwaita watu wa mashamba "hao". Naye akasema harusi za siku hizi zina keki, na kwamba hatarajii kuiona huko kwa "hao".

Somoe alipolisikia hilo, alipanda lori la mihogo akaja kwangu. Nilimwambia asijali, nitaipika mimi, itafika. Akakataa. Kwao, chakula kinachowekwa mbele ya wakwe siku ile kinatoka mkononi mwa mama wa mwali. Kikitoka mkono mwingine, mama huyo ameonekana hana kitu. Alitaka nimfundishe.

Jamani, ningefurahi! Mtu mzima anasafiri vumbi lote lile kuja kujifunza kwangu. Lakini siku hiyo majirani wawili walikuwa wamekaa barazani kwangu, na Somoe, kama desturi yake, akaanza.

"Mtazameni huyu," akawaambia. "Masista walimfundisha hesabu, wakamfundisha ramani ya dunia nzima. Dunia yenyewe ameitafuta, ameikuta iko kati ya jiko na choo."

Majirani walicheka mpaka khanga zikawafunguka. Mimi pia nilicheka, kwa meno. Ndani nilichomwa, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu wale wawili ni walewale ambao keki zao nilikuwa nikizisema. Nikajiambia: subiri.

Tukaingia jikoni. Nikamfundisha kuoka, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na vikeki vidogo katika vikopo vya samaki vilivyosuguliwa. Akashika upesi, mkono wake mwepesi. Nikamwonyesha kutwanga sukari kwenye kinu na kuichekecha mpaka iwe kama poda. Nikamwambia agandishe maziwa mpaka yawe mazito, kisha ayachanganye na siagi na sukari, apige kwa nguvu mpaka mkono uchoke.

Hapo nilikuwa nimeshamdanganya tayari, ila kwa kunyamaza.

Wacha niwape njia yenyewe hapa, bure. Nilipoificha ilinigharimu sana, na sioni tena faida ya kuwa nayo peke yangu. Maziwa yakishaganda, yapashe moto kidogo tu, yamimine katika kitambaa cha mrekani, yaning'inize mahali pa baridi mpaka asubuhi. Maji yatadondoka. Usidhani yamekwisha! Lifunge jibini humohumo kitambaani, liwekee jiwe juu, liendelee kulia mpaka ukilibonyeza kidole kinatoka kikavu. Lifunike karibu na mtungi lipoe. Siagi ipige peke yake na sukari kwanza, mpaka iwe nyeupe. Mimi huongeza kijiko cha wanga wa muhogo uliochekechwa vizuri, nao hunywa umajimaji uliobaki. Jibini liingie mwisho, kidogo kidogo, na likishachanganyika, acha. Acha kabisa! Wanaoendelea kupiga ili waonekane wana nguvu huharibu kila kitu. Na sukari ikikutana na jibini lenye maji, huyavuta maji yote nje, ukabaki na uji. Fanyeni kazi hiyo alfajiri kabla jua halijaamka.

Hayo ndiyo niliyoyajua, na Somoe amesimama mbele yangu, mikono imejaa unga.

Hakuwa mjinga. Alitazama maziwa mgando bakulini, akayatikisa, yakacheza. Akayatazama tena. Kisha akapangusa mikono, na sauti yake ikabadilika.

"Binamu, naweka utani chini," akasema. "Haya yanapigwa pamoja na maji yake hivi hivi?"

Ningeweza kusema hapana. Neno moja. Lakini nilisikia bado kicheko cha wale majirani barazani, nikamwona Somoe akirudi kwangu baada ya wiki moja, ameharibu, anabembeleza, na wao wakishuhudia. Hilo tu ndilo nililolitaka. Sikumtakia aibu ya harusi, nawaapia. Nilimtakia aibu ndogo, ya jikoni, ya kwangu mimi na yeye. Watu wenye roho ndogo kama yangu hudhani aibu hupimwa kwa kijiko.

"Hivi hivi," nikasema. "Kuchuja maji ni ushamba."

Akaitikia kwa kichwa. Akaamini. Utani ulikuwa chini. Kwa nini asiamini?

Ambalo sikulifikiri, mimi msomi, ni hili: Likunja hakuna ng'ombe. Mbung'o wamewamaliza. Somoe hakuwa na maziwa ya kujaribia. Aliyapata mara moja tu, kwa kuomba huku na huku, maziwa ya mbuzi na kopo la maziwa ya unga, na yote akayaweka kwa ajili ya siku yenyewe. Hakurudi kwangu kubembeleza. Alikwenda moja kwa moja harusini na neno langu.

Ilikuwa mwezi wa kumi, jua la kuivisha mabibo. Nilifika asubuhi na mume wangu, nikaambiwa keki iko ndani na haitazamwi. Nikajua. Naandika hivi nikijua kwamba nilijua. Ningeweza kuingia, nikaikwangua ile krimu, nikasema tusipake kitu, tuweke mabibo na asali juu, mbona ni nzuri. Badala yake nikakaa kwenye kivuli, nikanyoosha gauni langu.

Ilitoka imebebwa na wasichana wawili, keki juu ya keki, na vikeki vidogo vimeizunguka. Iliposhuka mezani ilikuwa bado nyeupe. Shehe alikuwa na maneno mengi. Kufikia mwisho wa maneno yake, krimu ilikuwa imeanza kuteremka taratibu, kama mtu anayetoroka mkutanoni. Ikafika ukingoni mwa sinia, ikaingia kwenye kitambaa cha meza, ikadondoka juu ya viatu vya bwana harusi. Keki ya juu nayo ikateleza ikakaa upande. Nzi wakapata habari.

Mama wa kijana alifunga mwavuli wake. Akainama, akatazama, akawageukia wenzake wa mjini.

"Kumbe huku keki hunywewa," akasema.

Wakacheka. Ugeni wote ukacheka, hata upande wa mwali, maana kicheko kikianza harusini hakina ndugu. Na mimi nikacheka! Kinywa hiki.

Kama ningeishia hapo, huenda leo ningekuwa na binamu. Lakini elimu ilinipanda. Watu walikuwa wakimtazama yule mwanamke wa mwavuli kana kwamba ndiye ajuaye, nami siwezi kuvumilia kuona mjinga akisikilizwa. Nikasimama. Kwa sauti ile ya kusoma ubaoni nikawaeleza wageni kwamba krimu ya jibini haina tabu, kosa hapa ni moja tu: jibini halikuchujwa. Ni lazima lining'inizwe, nikasema, kisha liwekewe jiwe, kila mpishi anajua. Nikaeleza mpaka na wanga wa muhogo. Sijawahi kufundisha vizuri kama siku hiyo.

Nilipomaliza nikamwona Somoe. Alikuwa ameinama kando ya meza, kitambaa mkononi, akipangusa viatu vya mkwewe. Hakuwa analia. Alinitazama kama unavyomtazama mtu ukijaribu kukumbuka mliwahi kuonana wapi.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema, polepole. Kisha akaendelea kupangusa.

Hakuna aliyemsikia ila mimi.

Binti aliolewa; ndoa haivunjwi na krimu. Lakini ukweni walimbatiza Bi Uji, na yule mama wa mwavuli, mwanamke asiyeweza kupika hata matembele yakaiva, mpaka leo humtambulisha mkwewe kwa jina hilo akiwa na wageni. Anapita dirishani kwangu, yule binti, na ndoo ya maji. Huniamkia. Namwitikia huku nikitazama sufuria.

Nilikaa miezi nikingoja Somoe aje anitukane. Nilimtayarishia majibu. Angekuja na tusi lolote, hata la mama yangu, ningelipokea kama zawadi, ningemwachia nyumba nzima abebe. Hakuja. Mwishowe mimi, mtu nisiyetoka uani kwangu, nikapika keki nzuri kuliko zote nilizowahi kupika. Nikapanda lori, nikaipakata mapajani mpaka Likunja. Barabara ile ilitutikisa mpaka mifupa ikabadilishana nafasi. Krimu haikusogea hata unywele.

Zamani angeitia kidole kabla sijakanyaga ua. Angesema imekonda kama mume wangu. Safari hii alitoka nje, akaja kunipokea njiani, akaipokea keki kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Karibu, mama. Poleni na safari," akasema. "Watoto, mleteeni mgeni kiti."

Wakaleta kiti chenye mgongo, kile cha mwenyekiti wa kijiji akija. Somoe akakaa mkekani, miguu ameikunja vizuri. Nikamtania. Nikasema kuku wake wa mwaka huu wana sura ya mjomba. Akatabasamu kwa adabu, akasema Mungu amewajalia, wanaendelea vyema. Nikajaribu tena, nikamwambia naweka utani chini, nataka kumwomba radhi kwa kweli.

"Utani upi, mama?" akaniuliza, bila hasira yoyote. Akaongeza kwamba amenisamehe tangu siku ile, nisijisumbue, nikaongezewa chai.

Keki iliwekwa juu ya kabati, imefunikwa kawa. Haikukatwa nikiwepo. Nilipoaga, alinisindikiza mpaka barabarani kama mgeni wa heshima, akasimama mpaka lori likaondoka.

Basi ninyi mnaojua kitu, kushona, kupika, kusoma, chochote, na mnakificha ili wenzenu waje wawapigie magoti: endeleeni. Watapiga. Na ninyi mnaodhani adhabu ya ndugu ni kugombana naye, hamjui kitu. Ombeni mgombane. Wiki iliyopita nilikutana naye sokoni Ruangwa, akasimama kando ya njia, akanipisha nipite.