Shimo la Lipiko

Wajukuu zangu wana dadu ya pembe nyingi, na ikigonga sinia hapa barazani Magomeni hunikera kuliko kinu cha jirani. Wanacheza kujifanya watu wengine: huyu shujaa, yule mganga, wanaingia chini ya ardhi penye vyumba na madubwana, na dadu ndiyo inayosema nani kapona. Sikuwa na habari nao mpaka Rehema, mkubwa wao, aliponijia nikichambua dagaa.

"Bibi, mashimo yetu yote yamechimbwa na majini au wafalme. Yametuchosha. Tupe moja lenye asili nyingine."

Nikasikia harufu ya udongo mbichi. Sakafu yangu ni saruji, udongo haupo, lakini niliusikia, na mikono ikawaacha dagaa.

Nawaambia ninyi, maana wao sikuwaambia yote. Nilikuwa na miaka minane hivi, tunaishi Mahurunga, na ng'ambo ya Ruvuma walikuwa wanapigana. Ndege zilivuka mto zikija kwetu kama zina haki. Baba alichimba handaki nyuma ya jiko, akaliezeka magogo na udongo. Ndani palikuwa na giza, unyevu, na mizizi iliyokugusa shingo. Kazi yangu ilikuwa kumnyamazisha Somoe, mdogo wangu, wa miaka mitano. Mama aliamini kilio cha mtoto kinasikika mpaka kwenye ndege. Leo najua rubani hasikii kitu, lakini nani angebishana na mama?

Basi nikamtungia Somoe. Shimo hili lilichimbwa na nungunungu aliyepoteza mwiba wake mmoja. Akanyamaza. Siku nyingine nikasema ni ghala la bibi aliyewaficha watu chumvi, na bado yumo, anailamba. Akacheka kimyakimya, kiganja mdomoni. Kila tukiingia alitaka jipya, na mimi nikaishiwa. Siku moja nikamwonyesha kona yenye giza, nikamwambia, "Humu ndimo wanamotoka mapiko."

Asiye wa kwetu aelewe. Lipiko ni mchezaji aliyevaa kichwa cha mti, mwili umefunikwa wote. Leo anacheza mbele ya wageni na picha anapigwa. Wakati ule wanawake na watoto tuliambiwa si mtu, ni maiti kafufuka ardhini, na mwanamume aliyemtobolea mwanamke siri kwamba ni mtu tu alitengwa na wenzake. Somoe alimwogopa lipiko mpaka akajikojolea. Nilijua, nikasema hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa nimechoka kutunga.

Ndege ziliporudi, asubuhi nyingine, Somoe alifika mdomo wa handaki akagoma. Mama akamvuta. Akamng'ata mama mkono, akakimbilia shamba la muhogo. Baba akamfuata. Mama naye alitaka kutoka, shangazi, tuliyekuwa naye humo, akamkalia miguu.

"Umemwambia nini mwenzio?" mama akaniuliza.

Mlio ulikuja, udongo ukatumwagikia vichwani, masikio yakaziba. Mama alikuwa anaita jina la Somoe, naona mdomo tu. Mimi nilikuwa nahesabu: tupo watatu, tupo watatu. Nilijua ni mimi niliyemuua, na nilijua sitasema. Nilimwomba lipiko, msinicheke, nikamwambia anichukue mimi amrudishe yeye. Hakuna aliyekuja. Mlio ulipita, ukageuka, ukaanza kurudi.

Kisha miguu. Baba akateremka, na Somoe nyuma yake, kwa miguu yake mwenyewe. Akapita mbele yangu akaenda kukaa kwenye kona yenye giza kuliko zote, pale pale nilipomwekea lipiko wangu, akakunja magoti kama yuko jikoni.

"Umempa nini?" mama akauliza.

"Yamekwisha," baba akasema. "Nyamazeni."

Baada ya hapo ngoma zilipolia baba alikaa nyumbani akisuka mikeka. Wenzake walipita njiani bila kumsalimu. Nilidhani hachezi tena kwa ajili ya magoti. Wazee huumwa magoti.

Tulikuwa tumeshamzika baba, na mimi nina wajukuu, ndipo Somoe aliponiambia. Baba alimkuta kajikunyata chini ya muhogo, hataki kuguswa. Ndege iko juu. Baba akasimama wima, uso mtupu, bila kinyago wala nguo za ngoma, akamchezea zile hatua na yale mabega, mpaka mtoto akayajua. Akamwambia, "Lipiko ni mimi, mwanangu. Na shimo nimechimba mimi." Shangazi alipomuuliza kaacha kuogopa vipi, mtoto wa watu akasema kweli, na shangazi hakuwa na kifua, habari ikawafikia wanaume.

Baba alijua nani kamtisha Somoe. Aliishi miaka mingi akijua, akanisukia na mkeka wa ndoa. Sikumwomba radhi hata siku moja.

Rehema alikuwa bado anangoja, kalamu mkononi.

"Lilichimbwa na mtu tu, baba wa watoto," nikamwambia. "Kwa jembe la mpini mfupi, siku tatu."

"Bibi, na huko ndani kuna nini cha kutisha?"

"Mtoto wa miaka minane," nikasema. "Andika."